Tupeane uzoefu: ndege wa mlango wa Mto Sabaki tumewalindaje?

Asalaam aleikum, na habari zenu nyote. Uzi huu ninaufungua kwa ajili ya wanaoishi au kufanya kazi kando ya Mto Sabaki, tangu Baricho hadi pale mto unapoingia baharini kati ya mji wa Malindi na Mambrui, pamoja na jirani zetu wa Dakatcha na wa Delta ya Tana. Ninaomba kila mmoja aeleze jambo alilolifanya, au aliloliona likifanywa, likawafanya ndege wa majini wabaki au likawafukuza.

Mto huu huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukaitwa Galana baada ya kukutana na Mto Tsavo, kisha Sabaki unapokaribia pwani. Udongo mwekundu unaotoka bara unaumiza matumbawe yetu ukizidi, lakini ndio huo huo uliojenga matope na mafungu ya mchanga ya pale mlangoni. Ndani ya matope hayo mna minyoo, kaa wadogo na konokono wa baharini, na chakula hicho ndicho kinachowaleta kitwitwi kutoka Siberia na sulisuli, wale ndege wa mdomo mrefu uliopinda, kutoka kaskazini ya mbali, kuanzia mwezi wa Agosti hadi Aprili. Hao wakiondoka, wanaingia kwa zamu ndege wa Madagaska, wenye mbawa ndefu kama za mbayuwayu, ambao huzaliana kisiwani kwao na kuja kwetu wakati wa kusi, wakikamata wadudu angani juu ya matuta ya mchanga ya ufuoni.

Mimi huongoza wageni wanaokuja kutazama ndege, na nimefikia imani kwamba jambo lenye uzito kuliko yote ni saa za maji kujaa. Maji yakipwa, ndege hutawanyika matopeni kula. Yakijaa, hasa wakati wa bamvua, hubakiwa na fungu moja au mawili tu ya kusimama, na hapo mtu mmoja akipita na mbwa kundi zima huruka, likazunguka, likatua, likaruka tena. Mwezi wa Machi ndege hao huwa wanajaza mafuta mwilini kwa safari ya maelfu ya kilomita, kwa hiyo kila mruko wa hofu unakula akiba ya safari. Waongozaji kadhaa tumekubaliana kwamba maji yakijaa hatulisogelei fungu. Tunasimama nyuma ya matuta na kutumia darubini. Wageni wengine hunung'unika kwa kuwa wanataka picha ya karibu. Ninawaeleza sababu, na wengi huridhika wanapoona kwamba ndege wasiotishwa huendelea kujinyoosha na kusafisha manyoya, jambo ambalo anayewakurupusha haoni kamwe.

Mvuvi, Mambrui

Dada yangu, hayo ya maji kujaa nayakubali, na ningependa kuongeza habari za mishipi ya kuvulia. Zamani uzi wa pamba ukikatika ulioza, lakini nailoni haiozi. Wavuvi tunapotengeneza nyavu ufuoni, vipande tunavyovikata huachwa pale pale, maji yakavichukua hadi kwenye matope ambako ndege hutembea. Niliwahi kumkuta sulisuli amekaa fungu la upande wetu, haruki. Nilipomfunika kwa shati na kumshika, niliona mshipi umemzunguka mguu juu ya kifundo, umekaza hadi ngozi imekatika na vidole vimekuwa vyeusi. Nililazimika kuukata taratibu kwa ncha ya kisu cha samaki, huku nikiuzuia ule mdomo mrefu uliopinda, kisha nikamweka chini. Alisimama kwa mguu mmoja muda mrefu kabla ya kuruka kuelekea mikokoni.

Baada ya hapo niliwaomba wenzangu wa bandarini tuweke gunia kwenye banda la kutengenezea nyavu, kila kipande cha nailoni kiingie humo. Wazee waliafiki haraka kuliko vijana, labda kwa kuwa wao wanakumbuka ufuo ulivyokuwa safi. Kuhusu fungu, sisi tunaovuta juya hatuwezi kuacha kazi kila maji yanapojaa, maana riziki nayo ina saa zake, lakini tumehamisha mahali pa kutua na kuanika nyavu, tukavuka upande wa pili ambako ndege hawalali. Samaki hawakupungua kwa sababu hiyo. Ninaamini mvuvi akiombwa kwa heshima ahame hatua chache, atahama, ila akitumiwa askari bila kuulizwa atashindana.

Mkulima, bonde la Sabaki

Nalima mahindi na mboga juu kidogo ya daraja la barabara ya Garsen. Jirani yangu alilima hadi kwenye ukingo, mimi nikaacha ukanda wa matete kama sheria inavyotaka. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yalipokuja, upande wake ulimeguka ukaondoka na mimea, wangu ukashika. Humo kwenye matete minana hufuma viota, na jioni yangeyange hulala. Ni kweli kwamba minana hushambulia nafaka changa, na sitawaficha kwamba hasara ipo. Hata hivyo sikubali dawa ya sumu ichanganywe na punje ili kuwaua, kwa kuwa anayekula punje ile si mnana peke yake: hua na kuku huila pia, na kipanga atakayemla hua huyo naye hufa. Watoto kulinda shamba asubuhi na jioni siku za likizo kumetosha.

Mfanyakazi wa mashamba ya chumvi, Gongoni

Wengi hudhani mabwawa ya chumvi hayana uhai. Bwawa ambalo maji yake hayafiki goti la mtu hujaa ndege wakati bahari imejaa, wakiwemo heroe, lakini likijazwa kina kirefu ndege wadogo hawawezi kusimama. Mahali nilipowahi kufanya kazi tulimwomba msimamizi aache bwawa moja la mwisho bila kulijaza siku za bamvua, akakataa, akisema ndege si kazi yake. Alipokuja mwingine alikubali bila mjadala. Hilo linanisikitisha, kwamba jambo zuri linategemea nani amekaa ofisini.

Mfugaji, karibu na Witu

Kwetu Delta ya Tana, ambayo tangu 2012 imo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, kulastara na korongo huweka viota mitini penye maji chini. Mafuriko yakikatika mapema, miti hubaki nchi kavu na nyani hupanda kula mayai na makinda. Mabwawa ya umeme ya juu, kama Masinga na Kiambere, yamebadilisha mwendo wa mafuriko, na sisi wa chini hatuulizwi.

Mkaazi wa Dakatcha

Nami niseme kwa ufupi. Mnana wa Clarke hapatikani popote duniani ila katika misitu ya Arabuko-Sokoke na Dakatcha, na viota vyake havikujulikana hadi 2013, vilipoonekana kwenye bwawa la msimu huku kwetu, ndani ya nyasi za majini. Msitu unapokatwa kwa makaa na mashamba ya mananasi, bwawa kama hilo hujaa udongo. Tunaomba wanunuzi wa makaa mjini waulize yametoka wapi.

Mwanzishaji wa uzi

Kaka wa Mambrui, gunia la nailoni nitalipeleka kwa wavuvi wa upande wa Malindi wiki hii, na ningefurahi ukinisindikiza, kwa sababu watakusikiliza wewe kabla yangu. Ndugu wa Gongoni, tafadhali tuandikie ni bwawa lipi lililoachwa, ili tulipitie wakati wa hesabu ya ndege wa majini ya Januari. Atakayejiunga nasi Sabaki siku hiyo afike kabla maji hayajajaa, avae nguo isiyong'aa, amwache mbwa nyumbani, na aje kwa njia ya nyuma ya matuta. Asikaribie ukingo wa mto alfajiri, kwa kuwa viboko hurudi majini saa hizo.