Mrejesho: ramani ya wageni kuzunguka Goma kwa picha zenye GPS

Aksanti sana ndugu zangu mlionijibu nilipouliza namna ya kuonyesha, kwa picha zenye alama ya GPS (zinazobeba mahali zilipopigwa), wageni wanajaa wapi zaidi kuzunguka Goma.

Ushauri uliosaidia kuliko yote: usihesabu picha, hesabu watu. Mtu aliyefika ukingoni mwa volkano ya Nyiragongo alipiga lava hiyohiyo mara nyingi mno. Basi nikaigawa ramani kwa visanduku, na kwa kila kisanduku nikahesabu mtu mmoja kwa siku moja, hata akiweka picha mia. Mlima ukaacha kumeza ramani nzima. Njia ya kupanda mlima kutoka Kibati inaonekana wazi, na kisiwa cha Tchegera katika Ziwa Kivu kimejitokeza. Picha za kabla ya mlipuko wa Mei 2021 nimezitenga, kama ndugu wa Bukavu alivyosema.

Kisiwa cha Idjwi ndicho kimekwama. Wageni wanafika, lakini picha ninazopata zinapitia WhatsApp, ambayo hufuta alama ya mahali. Dada aliyeshauri waongoza wageni wazitume kama faili, aksanti: GPS inabaki. Zimeanza kuingia, bado chache, kwa hiyo huko ninategemea madaftari ya nyumba za wageni.