Nimepigwa mara mbili Kariakoo kwa kutafuta kipima mwanga cha bei nafuu

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Baba mdogo aliniachia Zenit-E, zile kamera za Mrusi. Bado nzima, ila kipima mwanga chake cha seleniamu, kile cha kukwambia uiweke kamera vipi, kimekufa kwa uzee, mshale hautikisiki. Nikaamua kutafuta cha mkononi, cha bei ya sisi wa hali ya chini.

Winga akanifikisha kwenye fremu moja. "Bosi, hiki ndicho wanachotumia wapiga picha." Kina kuba dogo jeupe juu, nikaamini. Kufika nyumbani nawasha, kinaniandikia lux elfu ishirini. Lux, kipimo cha mwanga tu, si namba ya kuweka kwenye kamera! Kumbe ni cha kupimia kama ofisi ina mwanga wa kutosha. Narudi dukani, najibiwa, "Kwani hakipimi mwanga?" Na mali ikishauzwa hairudi.

Yaani bi harusi kasimama juani, mimi nagawanya elfu ishirini kwa 2.5, napata elfu nane, nahesabu 2 imejizidisha mara ngapi, mara 13, ndipo nijue kwa ISO 100 (wepesi wa filamu kushika mwanga) naweka f/8 (upana wa tundu la lenzi) na 1/125 (sehemu ya sekunde). Jua limeshaingia mawinguni, naanza upya!

Cha pili ni Lunasix 3 ya mtumba, kitu cha Mjerumani, kizuri kweli. Muuzaji kaniapia betri zipo kibao. Zipo wapi? Kile kilitengenezewa betri za zebaki za volti 1.35, ambazo zimepigwa marufuku. Akaniwekea za kawaida za volti 1.5, kikawa kinaona mwanga mwingi kuliko uliopo, nami nikaipa filamu mwanga kidogo mno. Nimepiga filamu nzima, picha 36, zimesafishwa negativu ziko nyembamba kama maji. Filamu yenyewe mnajua bei yake siku hizi.

Na wa "tumia programu ya simu" nawaona mnakuja. Simu inapima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu. Ielekeze kwenye shela jeupe, itakwambia upunguze mwanga, shela litoke kijivu na sura ya bibi harusi ipotee. Mimi nataka cha kuweka pale usoni kwake kipime mwanga unaomfikia. Basi.

Mwenye Sekonic L-308, kipima mwanga cha namna hiyo, anayeuza aje PM. Ila tunakutana saa sita mchana, jua kali, bila wingu, ISO 100. Kikinipa namba iliyo mbali na f/16 kwa 1/125, ambayo ndiyo ya jua la hivyo, abaki nacho.