Nimekompaili keneli yangu, Ubuntu ikisasishwa inawaka na ya kwake. Nifanyeje?

fundi_kwaya

Wakuu, salaam. Nina studio ndogo hapa Morogoro, kazi yangu kubwa ni kurekodi kwaya. Mashine ni Ubuntu 22.04 (Linux), narekodi kwa programu ya Ardour kupitia JACK (inayosafirisha sauti kati ya programu), bafa, yaani fungu la sauti, ya sampuli 64 kwa 48000 Hz. Hapo keneli, yaani kiini cha mfumo, ina milisekunde 1.3 tu kwa kila fungu la sauti. Ikichelewa, sauti inakwaruza, na nani atawaambia kina mama waliosimama tangu mchana warudie ubeti wote kwa sababu kompyuta ilikuwa inahangaika na Wi-Fi?

Ndiyo maana nilichukua keneli 6.6, nikaitia kiraka cha PREEMPT_RT (kinachoifanya iitikie kazi kwa wakati bila kuchelewa), nikakompaili, yaani nikaijenga kutoka msimbo wake, kwa `make bindeb-pkg` na kusakinisha kwa `dpkg -i`. `uname -r` ilikuwa inasoma 6.6.30-rt30-studio na mambo yalikuwa safi kabisa.

Mashine hii kwa kawaida haina intaneti. Juzi nikaiunganisha kumtumia mteja faili kubwa, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi naiwasha, mikwaruzo imerudi, na `uname -r` inasema 6.8.0 generic.

Masasisho ya Ardour, kivinjari na vinginevyo nayataka. Keneli tu ndiyo isiguswe. Na tafadhali asije mtu hapa kuniambia ninunue Mac. Nawasilisha.

mzee_wa_terminali

Mkuu, kwanza andika `ls /boot`. Keneli yako utaikuta palepale. Kila keneli ina kifurushi chenye jina lake na zinakaa pamoja bila kugombana. Ya kwako haijafutwa, imepitwa kwenye foleni.

GRUB, programu inayochagua keneli ya kuwasha, huzipanga kwa namba ya toleo, kubwa inakaa juu na ndiyo inayowaka. Masasisho ya 22.04 yalipokuwa kwenye 6.5, 6.6 yako ilikuwa juu bila wewe kufanya lolote. Yalipopanda kwenda 6.8, ikashuka.

Fungua `/etc/default/grub`, weka:

`GRUB_DEFAULT=saved`

Halafu:

`sudo update-grub`
`sudo grub-set-default 'Advanced options for Ubuntu>Ubuntu, with Linux 6.6.30-rt30-studio'`

Hayo maneno yanakiliwe kama yalivyo kwenye `/boot/grub/grub.cfg`, herufi kwa herufi. Kuna watu watakuambia uandike namba, mfano "1>2". Usiwasikilize. Keneli mpya ikiingia, namba zinasogea, na siku hiyo utawasha kitu kingine kabisa.

Ukitaka na Ubuntu isilete keneli nyingine, weka hold (zuio la kusasisha) kwa apt, kisakinishi cha Ubuntu:

`sudo apt-mark hold linux-generic-hwe-22.04 linux-image-generic-hwe-22.04 linux-headers-generic-hwe-22.04`

Shikilia hivyo vifurushi mama. Ukishikilia kile chenye namba ya 6.8.0 peke yake umefanya kazi bure, maana kinachokuja baadaye kina jina jingine. Masasisho ya usiku nayo yanaheshimu hold, huna haja ya kuyazima.

bint_mrima

Hapo kwenye GRUB mzee kamaliza. Kwenye hold namkatalia.

Kaka, ukishachagua ya kwako kwenye GRUB, keneli ya Ubuntu ikija inakudhuru nini? Inakaa pembeni kama tairi la akiba, tena lenye upepo. Siku keneli yako ikigoma kuwaka na watu wamejaa studio, utaingia kwenye menyu, utachagua ile, na angalau mashine itafunguka. Ukiifungia, akiba yako inazeeka.

Na kuna jambo ambalo watu wanaokompaili wenyewe hulikwepa. Keneli yako haisasishwi na mtu yeyote isipokuwa wewe. Mwaka 2022 ilitangazwa Dirty Pipe, CVE-2022-0847: mtumiaji wa kawaida aliweza kuandika ndani ya faili ambalo ana ruhusa ya kulisoma tu. Dosari iliingia na 5.8, ikazibwa kwenye 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102. Aliyekuwa na 5.15.20 ya kujikompailia, apt ilimwambia kila kitu ni kipya na tundu liko wazi. Wewe mashine yako haikai sana mtandaoni, sawa, lakini flashi za wateja si unazichomeka?

Kwa hiyo fuatilia matoleo mapya ya 6.6, ni tawi linalotunzwa kwa muda mrefu. Kila ukikompaili mpya, rudia `grub-set-default` kwa jina jipya.

Halafu, umewahi kujaribu `linux-lowlatency-hwe-22.04`, keneli ya Ubuntu yenyewe ya ucheleweshaji mdogo? Inasasishwa na apt kama kawaida. Kwa sampuli 128 wengi inawatosha. Na tangu 6.12 iliyotoka Novemba 2024, PREEMPT_RT imo ndani ya keneli kuu kwa x86 (prosesa za kompyuta za kawaida). Hutahitaji kiraka tena, ni kuiwasha tu kwenye mipangilio kabla ya kukompaili.

fundi_kwaya

Mzee, kweli ipo! Nimefuata GRUB, imewaka na ya kwangu, mikwaruzo hakuna. Hold nimeiacha, dada kanishinda hoja, hasa hapo kwenye flashi. Lowlatency nitaijaribu wiki ambayo sina kwaya. Swali dogo: nikipiga `apt autoremove` (ya kufuta vifurushi visivyohitajika) haitaifagia ya kwangu?

mzee_wa_terminali

Haiigusi. Autoremove huondoa vifurushi vilivyoletwa kama tegemezi la kingine, na ya kwako uliisakinisha kwa mkono. Cheki tu nafasi ya `/boot` kama ni patisheni (sehemu ya diski) ya peke yake. Keneli ya kujikompailia ikibaki na alama za utatuzi (data ya kutafutia makosa), initrd yake, faili la kuanzia kuwaka, inakuwa kubwa kupita kiasi. Ukikompaili tena ongeza `INSTALL_MOD_STRIP=1`.

Na hold nimekubali yaishe. Ila kwenye seva zangu inabaki.