Kidhibiti cha joto kijichagulie seti ya PID (namba za P, I na D zinazoamua kinatoa nguvu kiasi gani), au achague mwendeshaji?

Chuma_Moto: Tanuri moja la umeme, kazi mbili: 250°C na 900°C. Seti moja haitoshi. Huku chini asilimia moja ya nguvu inapandisha digrii nyingi, na likipita lengo, kupoa ni polepole, kwa hiyo bendi ya P (umbali kutoka lengo ambamo nguvu hupunguzwa kidogokidogo) iwe pana na I (muda wa kusahihisha kosa linalobaki) iwe ndefu. Kule juu joto linatoka kwa mnururisho, mambo yanakwenda haraka. Bana bendi, fupisha I. Kidhibiti kibadilishe chenyewe kikifika 500. Zamu ya usiku hawasomi skrini.

Zamu_C: Skrini tunaisoma sana. Tunachosoma ni nguvu kuruka toka 20% hadi 50% na joto halijasogea hata digrii. Halafu "chenyewe" kikifuata nini? Vingine hufuata lengo, si joto halisi. Andika 900 tanuri likiwa 200, seti ya juu inashika papo hapo.

Nusu_Bendi: Huko kuruka ni programu iliyojumlisha makosa (tofauti za lengo na joto halisi) kwanza, ndipo ikazidisha kwa namba ya I. Jumla 1000 mara 0.02 ya seti ya zamani ni 20%; seti mpya ina 0.05, basi 50%. Zidisha kwanza, jumlisha baadaye. P nayo huruka kosa lisipokuwa sifuri, kwa hiyo wakati wa kubadili I ipigiwe hesabu upya ili nguvu itoke ileile. Na 500 peke yake haifai: kupanda 510, kushuka 490, la sivyo itacheza huku na huku.

Chuma_Moto: Basi PLC (kompyuta ya kuendesha mitambo) ichague kwa relei (swichi za umeme) mbili, waya mbili, seti nne: 00, 01, 10, 11, 1 ni waya unaowaka, 0 umezimwa. Zamu_C wakae mbali.

Waya_Mbili: Toka 01 kwenda 10 relei zote mbili zinabadilika. Moja ikitangulia kwa milisekunde chache, kidhibiti kinasoma 00 au 11, seti ambayo hukuiomba.

Chuma_Moto: Relei zikichelewana huo ni ufungaji mbovu.

Waya_Mbili: Ufungaji mbovu! Kaka, koili mbili hazivuti sawasawa hata ukizifunga kwa dhahabu. Kidhibiti kisubiri msimbo utulie milisekunde 100 ndipo kibadilishe. Au tumia seti tatu, 01, 11, 10: jirani hadi jirani unageuka waya mmoja tu, na 00 inabaki kuwa alamu ya waya kukatika.

Zamu_C: Waya mmoja ukikatika kwenye 11 unapata 01. Seti halali, alamu kimya. Huyo "asiyesoma skrini" ndiye atakayeona.

Nusu_Bendi: Hapo Zamu_C kakushika. Ongeza waya wa tatu, idadi ya waya zinazowaka iwe shufwa daima: 011, 101, 110. Mmoja ukikatika idadi inakuwa witiri. Kidhibiti kibaki na seti ya mwisho na kipige alamu.

Chuma_Moto: Waya tatu kwa seti tatu? Si bora kila seti iwe na waya wake!

Waya_Mbili: Nani atafunga, hao wabovu?