Behewa la gadi la Pennsylvania (N5c), HO: antena nizing'oe au niziache? Msaada wakuu

Mjukuu wa Stesheni

Habari za jioni wakuu.

Nipo Lancaster, Pennsylvania, kazi zangu za ghala, shifti ya usiku. Jirani yangu, mzee mmoja mstaafu wa huku, ndiye aliyeniingiza kwenye treni za mfano, na mlango wa kutokea siuoni tena. Natumia ukubwa wa HO, yaani 1:87.

Nimepata kabusi la mtumba, lile behewa la gadi linalofunga mkia wa treni ya mizigo. Ni la reli ya Pennsylvania, aina ya N5c: madirisha ya duara, na kibanda cha kuchungulia katikati ya paa. Umbo lake zuri tu, ila vishikio vyote vimemwagwa pamoja na ukuta, yaani ni vimistari vya plastiki, hata unywele haupiti nyuma yake. Madirisha ni matundu matupu. Kapla (vile vishikizo vya kuunganishia behewa na behewa) zimefungwa kwenye bogi, yaani fremu ya magurudumu, na juu ya paa kuna antena nene ajabu.

Nataka lifanane na la kweli. Wikiendi nilikwenda Ronks, pale Red Caboose Motel ambapo mabehewa ya gadi ya zamani yamegeuzwa vyumba vya kulala wageni, nikapiga picha na kupima kwa futi kamba mpaka watu wakaanza kunishangaa. Tatizo, picha na modeli haviendani. Kule madirisha ni ya pembe nne na juu sikuona antena. Je, nizibe haya ya duara nitoboe ya pembe nne? Antena nikate? Treni ninayotaka kuijenga ni ya mizigo kutoka Harrisburg kwenda Altoona, mwaka 1956 hivi.

Nawasilisha.

Tajiri wa Mawazo

Behewa la plastiki linakukosesha usingizi mkuu? Huko Marekani mna raha.

Kekee Mkononi

Mkuu, kisu kirudishe kwanza kwenye droo.

Mabehewa mengi ya pale Ronks ni N5, siyo N5c. Herufi moja tu, lakini ni behewa jingine. N5 zilianza kujengwa mwaka 1914, za chuma, madirisha ya kawaida ya pembe nne. N5c ilikuja mwaka 1942, zikajengwa 200 kwenye karakana za Altoona, na ndiyo hiyo yenye madirisha ya duara na kibanda chenye kuta zilizoinama ndani kidogo. Kwa hiyo modeli yako madirisha yake yapo sahihi, picha ndizo za ndugu yake mkubwa. Ukiyaziba utakuwa umeharibu kitu pekee ambacho kiwanda kilipatia.

Halafu behewa lililogeuzwa chumba cha wageni si shahidi mzuri hata kwa N5 yenyewe. Limepigwa rangi upya mara kadhaa, limewekewa bomba za maji, umeme na kiyoyozi. Kinachoonekana leo ni behewa la mtalii, siyo la gadi wa 1956.

Chagua namba moja na mwaka mmoja. N5c zilipewa namba 477820 hadi 478019. Tafuta picha ya namba mojawapo iliyopigwa karibu na mwaka wako, kisha fuata picha hiyo peke yake. Anayeokota dirisha kwenye picha hii, bomba la moshi kwenye ile na maandishi kwenye ya tatu, mwisho anajenga behewa ambalo halijawahi kuwepo.

Wewe upo jikoni kabisa. Railroad Museum of Pennsylvania ipo hapo Strasburg, na ina maktaba. Chama cha kihistoria cha reli hiyo kinahifadhi nyaraka zake kwenye stesheni ya zamani ya Lewistown. Andika barua pepe, taja aina na namba, waombe picha ya ubavu na ya paa.

Mjukuu wa Stesheni

Aisee! Nilikuwa nishaanza kuchora madirisha kwa penseli. Asante sana mkuu. Antena je?

Chuma cha Reli

Antena ndiyo inayotaja mwaka wako, mkuu.

Hizo ni za Trainphone, simu ya treni. Pennsylvania waliifunga kwenye injini na mabehewa ya gadi kuanzia miaka ya 1940. Haikuwa redio ya kawaida: mawimbi yalipita kwenye reli zenyewe na kwenye nyaya za kando ya njia, hivyo gadi aliweza kuongea na dereva aliye mbali mbele, na wote wawili wakaongea na mnara wa ishara. Kabla ya hapo ilikuwa ni taa, bendera na kupiga honi.

Kwa mwaka 1956 kwenye njia kuu, behewa lenye antena ni sahihi kabisa. Usikate. Lakini si kila N5c ilifungwa, ndiyo maana Kekee anakwambia uanze na namba. Ungekuwa unajenga enzi ya Penn Central, ule muungano wa Februari 1968, ningekwambia uzikate mchana huu.

Ubaya wa antena zako ni unene. Ile ya kweli ni bomba jembamba lililoinuliwa juu ya paa kwa viguzo vifupi. Hizo za plastiki kata zote uweke za waya mahali pake, ila kabla ya kukata piga picha kutoka juu na uweke alama kila kiguzo kilipo, ukishapiga msasa hutakumbuka. Tumia waya wa shaba wa nusu milimita. Kunja waya wote mzima juu ya mchoro uliochapwa kwa kipimo cha modeli, usikunje juu ya paa. Viguzo toboa vipenye mpaka ndani, gundi itie kwa ndani. Gundi ikikaa juu ya paa itaonekana hata chini ya rangi.

Gadi Mstaafu

Wanangu, mimi nilikuwa gadi reli ya kati kabla hawajatupunguza. Hayo ya modeli siyajui, ila nimefurahi kusoma. Huyu gadi wa kwenye kibanda cha juu kazi yake ilikuwa kuangalia treni yake mbele, hasa moshi wa ekseli zinazochemka. Ukimweka mtu humo ndani, mgeuze atazame mabehewa yake. Nimeona modeli nyingi mtandaoni gadi anatazama nyuma kama abiria aliyeaga watu stesheni.

Mjukuu wa Stesheni

Shikamoo mzee. Hilo nisingeliwaza kabisa, nitamgeuza.

Sasa vishikio. Naogopa kukwangua nikala ukuta.

Kekee Mkononi

Watu wengi wanakwangua kwanza, halafu wanahangaika kutafuta mashimo yalipokuwa. Geuza utaratibu: toboa kwanza, kwangua baadaye. Kile kimstari cha plastiki kina ncha mbili, na ncha hizo ndizo ramani yako. Choma kila ncha kwa sindano ili biti isiteleze, kisha toboa kwa biti namba 80 (kama milimita 0.34) kwenye kekee ndogo ya vidole. Usitumie mashine, plastiki itayeyuka na biti itakatika humo ndani. Mashimo yakishakuwepo, lete wembe wa patasi, ulaze karibu sawa na ukuta, ondoa nyuzi nyembamba nyembamba. Malizia kwa msasa laini wa maji. Kama kuna ribiti jirani, zifunike kwa utepe kabla hujagusa msasa.

Waya: milimita 0.3. Sheria ya usalama ya reli za Marekani ya mwaka 1911 ilitaka kishikio kisipungue unene wa inchi 5/8, ambayo kwa 1:87 ni kama milimita 0.18. Kwa hiyo 0.3 ni nene kuliko ukweli, lakini ukitumia 0.18 utakipinda siku ya kwanza kulishika behewa. Hapo mimi nakubali kudanganya.

Nafasi kati ya waya na ukuta usidanganye, maana ndiyo jicho linayoiona. Sheria hiyo hiyo ilitaka angalau inchi 2 ili mkono wa mtu upite, na kwa ukubwa wetu ni karibu milimita 0.6. Chukua kipande cha plastiki cha unene huo, kiingize nyuma ya waya, sukuma waya mpaka ukibane, tia tone la supaglu kwa ndani, subiri, chomoa. Fanya hivyo kwa kila kishikio na vyote vitalingana.

MamaReli KE

Naongeza kuhusu madirisha. Ukuta wa plastiki ukiwa na unene wa milimita moja, kwenye behewa halisi huo ungekuwa ukuta wa karibu sentimita tisa! Dirisha la duara kwenye ukuta kama huo linafanana na tundu la handaki la vita. Kabla ya kioo, geuza bodi, ukwangue kingo za tundu kwa ndani kwa ncha ya tupa ya duara mpaka ukingo wa nje ubaki mwembamba. Kioo tumia gundi nyeupe ile inayokauka ikawa angavu: ichukue kwa kijiti, zungusha kwenye tundu, ivute katikati. Kwa madirisha ya duara inakubali vizuri kuliko ya pembe nne. Ila hii ni hatua ya mwisho kabisa, baada ya rangi na vanishi, la sivyo vanishi ya kupuliza italigeuza kioo kuwa ukungu.

Swali langu la pembeni: kuna anayejenga reli yetu ya zamani ya upana wa mita moja kwa 1:87? Hesabu inatoa milimita 11.5.

Chuma cha Reli

@MamaReli KE tumia njia ya HOm, ile ya reli ya mita moja kwa ukubwa wa HO, ni milimita 12. Tofauti hiyo hakuna atakayeiona. Fungua uzi wako dada, tutakuja.

@Mjukuu wa Stesheni hujauliza kuhusu kapla, lakini zitoe kwenye bogi. Siku ukiivusha treni Altoona kwenda magharibi kuna mlima, na kwenye Horseshoe Curve, ile kona kubwa ya kupandia, injini za kusukuma zilikaa nyuma ya treni. Ukisukuma behewa ambalo kapla yake ipo kwenye bogi, nguvu inaipinda bogi na gurudumu linapanda reli. Funga kapla za kampuni ya Kadee, namba 5, kwenye sakafu ya behewa na upime kimo kwa geji yao. Behewa ni fupi, kona kali halitakusumbua.

Mjukuu wa Stesheni

Na uzito? Langu ni jepesi mno, ukilipulizia linatikisika. Urefu ni kama inchi nne na nusu.

Kekee Mkononi

Kanuni ya NMRA, chama cha wajenzi wa treni za mfano cha Marekani, kwa HO: wakia moja, kisha nusu wakia kwa kila inchi ya urefu. Lako linataka wakia 3.25, karibu gramu 92. Vipande vya madini ya risasi vilaze sakafuni, juu ya bogi zote mbili sawasawa. Usiviweke kwenye kibanda cha juu, litayumba.

Mjukuu wa Stesheni

Nimeelewa. Leo naanza kutoboa vishikio, kapla na uzito vitafuata. Lewistown nimeshawaandikia kuomba picha. Je, rangi ninunue kabisa wakati nasubiri?

Kekee Mkononi

Praima nunua, rangi subiri. Ule wekundu wa Pennsylvania haukubaki mmoja miaka yote, na maandishi nayo yalibadilika. Paa ndilo usisahau: injini za mvuke kwao zilikoma mwaka 1957, kwa hiyo behewa lako la 1956 bado linapigwa masizi. Na antena hizo usiziunganishe kabla picha haijafika, huenda namba utakayoipata haikuwa nazo.