Naomba ushauri: vitabu vya marehemu baba nivihifadhi kwa PDF au EPUB ili vikae miaka mingi?

BintiMwalimu (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu, heshima kwenu. Nina vitabu vya marehemu baba kama 600 hivi, alikuwa mwalimu wa hesabu huku Korogwe, tumeamua viwe vya kidijitali ili wajukuu wavikute. Sasa kinachonikwamisha ni fomati. Kuna anayeniambia PDF, kuna anayeniambia EPUB ndio ya kisasa sababu maandishi yanajipanga yenyewe kwenye simu, na kijana mmoja wa kompyuta akaniambia zote zitapitwa na wakati nitakuja kulia. Nataka kitu ambacho mwanangu wa darasa la 2 akifika umri wangu anakifungua tu bila kutafuta fundi. Usingizi sipati jamani, naomba majibu kabla ya wikiendi.

Kobe Mpole
PDF. Uzi ufungwe.

fundi_wa_seva
Pole na msiba dada. Jibu linategemea hivyo vitabu vimeingiaje kwenye kompyuta. Kama ni maandishi yaliyochapwa, EPUB iko vizuri, maana ndani yake ni zipu tu yenye kurasa za HTML, kama zile za tovuti, na picha, ukibadilisha jina la faili likaishia .zip unaifungua unaona kila kitu, hata programu zote za kusomea zikifa maandishi yako unayatoa. Kama ni picha za kurasa basi ni PDF, na usichukue PDF yoyote, chukua PDF/A. Hiyo ni kiwango cha ISO, shirika la viwango la kimataifa, tangu 2005, faili linabeba fonti zake lenyewe, haliruhusiwi kuwa na nywila wala kutegemea kitu cha nje. Nyaraka za kukaa miaka mingi ndiko zinakowekwa.
Ila maswali mawili. Uliskani kwa kifaa gani na picha za mwanzo ziko wapi? Na kwa nini kabla ya wikiendi?

Shangazi wa Muscat
Mwanangu usihangaike, mimi huku Muscat riwaya zangu zote zilikuwa MOBI, fomati nyingine ya vitabu, nilizianza zamani kabla watu hawajajua kusoma kwenye kioo. Hiyo MOBI ilitokea Ufaransa, kampuni ya Mobipocket, Amazon wakainunua 2005, halafu 2022 haohao wakaanza kuiweka pembeni wakawa wanapokea EPUB. Nikadhani nimekwisha. Mtoto wa dada akanitilia programu ya Calibre, ya bure, jioni moja tu zote zikawa EPUB huku tunapika maandazi, na mume wangu akaja kuuliza mbona laptop ina unga. Kwa hiyo fomati inabadilishwa tu, ilimradi kitabu hakina kufuli la muuzaji.

Kobe Mpole
Shangazi hayo maandazi yaliungua au?

msomi_huru
Shangazi kagusa penyewe hapo kwenye kufuli. Microsoft walifunga duka lao la vitabu mwaka 2019, watu wakarudishiwa hela na vitabu vikaacha kufunguka. Faili unalo mkononi na halisomeki, kwa sababu seva ya kuthibitisha haipo. Bora faili baya lililo wazi kuliko zuri lenye kufuli.

BintiMwalimu
Nashukuru sana shangazi, umenipa moyo. Fundi, tuliskani steshenari ya hapa mjini, ile mashine yao kubwa ya fotokopi, nikawaambia waweke ubora mdogo na weusi na weupe tu ili faili liwe jepesi niweze kurusha kwenye grupu la familia. Picha za mwanzo hawakunipa, walinipa PDF kwenye flashi. Lakini mimi nimeuliza fomati wakuu, tusitoke nje ya mada. Nafikiria nibadilishe hizo PDF zote ziwe EPUB nimalize.

fundi_wa_seva
Ukibadilisha PDF ya picha kuwa EPUB unapata moja kati ya mawili, au picha zilezile ndani ya boksi jingine, au maandishi yaliyosomwa na mashine. Tesseract, programu ya kusoma maandishi kwenye picha, inajua Kiswahili, na ni ya bure, lakini kwenye kitabu cha hesabu itakutolea sehemu na vipeo kama matusi, itabidi mtu akae ahakiki ukurasa kwa ukurasa.
Karatasi zenyewe ziko wapi?

Mja wa Haki
Mimi niulize tofauti. Hivi mnajua hayo mnayoyapanga hapa? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi ya mtu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Unaskani kitabu cha mtu unarusha grupu la WhatsApp, kesho tunalalamika waandishi wetu wanakufa maskini.

Kobe Mpole
Grupu la familia lenyewe limejaa video za mapishi, hakuna atakayesoma, mwandishi yuko salama.

fundi_wa_seva
Dada narudia. Karatasi ziko wapi?

BintiMwalimu
Ziko ndani kwenye maboksi. Ila Jumamosi zinatoka. Kaka mkubwa anataka kile chumba akipangishe, mchwa wameshaingia boksi la chini, na kuna mama wa sokoni ananunua karatasi kwa kilo za kufungia karanga, tumeshapatana naye na kidogo kashatoa. Msinihukumu, hamkai kwenye ile nyumba. Kitabu kikishakuwa kwenye flashi karatasi ya nini tena? Ndio maana nauliza fomati nzuri.

Kobe Mpole
Sasa nimeelewa haraka ya wikiendi 😂😂 karanga za Korogwe msimu huu zitakuwa na elimu.

Mja wa Haki
Mali ya marehemu inagawanywa kwa utaratibu. Ndugu wote wamekubali?

BintiMwalimu
Ndugu wote ni mimi na kaka.

Chura wa Bondeni
Subirini kwanza wana jukwaa, mimi hesabu nimesoma. Vitabu 600, tufanye kila kimoja kurasa 200, hizo ni kurasa 120,000. Steshenari gani ya wilayani imekaa ikaskani kurasa 120,000? Hata wakikuonea huruma wakakuchaji shilingi 50 kwa ukurasa ni milioni 6, na mtu mwenye milioni 6 hauzi karatasi kwa kilo sokoni. Huu uzi umetungwa. Au kuna mtu anatuandalia tangazo, kesho atatokea mmoja hapa na "mimi ninafanya huduma ya kuskani piga namba hii". Nimekaa hapa.

msomi_huru
Hesabu yake imenyooka. Mleta uzi jibu.

Shangazi wa Muscat
Mwacheni mtoto kafiwa.

Chura wa Bondeni
Shangazi na wewe akaunti yako ya lini?

Shangazi wa Muscat
Mimi hapa nimeingia wewe bado unavaa kaptura. Adabu.

BintiMwalimu
Sijasema popote vyote 600 vimeskaniwa, nimesema ninavyo 600. Vilivyoskaniwa ni kama 80, vile alivyokuwa anavishika kila siku na madaftari yake mawili matatu. Vingine vipo mtandaoni, mtu akivitaka atavikuta. Sina tangazo lolote. Naweka hapa ukurasa mmoja kutoka kwenye PDF, kitabu chake cha majedwali, logi (logarithimu) za tarakimu nne, mseme wenyewe kama nimetunga.
[picha]

Chura wa Bondeni
Picha mtu anaweza kuitoa popote.

fundi_wa_seva
Ngoja kwanza Chura. Hebu angalieni safu ya kwanza, mstari wa 36. Logi ya 3.6 ni 0.5563. Kwake imeandikwa 5583. Shuka mstari wa 46, inatakiwa 6628, pale inasomeka 6828, na mstari unaofuata wa 47 ni 6721. Jedwali la logi haliwezi kupanda halafu lishuke.

msomi_huru
Kosa la uchapaji la kitabu?

fundi_wa_seva
Hapana, kitabu cha majedwali chenye makosa kama hayo kisingefika darasani. Hii ni mashine. Kuna namna ya kubana picha za weusi na weupe inaitwa JBIG2, inatafuta alama zinazofanana kwenye ukurasa, inahifadhi moja tu halafu inaibandika kila mahali. Ubora ukiwa mdogo 6 na 8 zinaonekana kama alama moja. Mwaka 2013 Mjerumani mmoja, David Kriesel, aliskani ramani ya jengo kwa mashine ya Xerox, vyumba vya ukubwa tofauti vikatoka na kipimo kimoja, yaani tarakimu safi kabisa, hazina ukungu wala nini, ila siyo zile zilizokuwa kwenye karatasi. Ndio ubaya wake, herufi iliyofifia unaishtukia, hii huishtukii.
Na PDF/A hapa haikusaidii kitu. Inakuhakikishia faili litafunguka. Kilichoandikwa ndani kama ni kweli au si kweli haijui, na JBIG2 yenyewe inaruhusiwa humo. Dada usiuze hizo karatasi.

BintiMwalimu
Ni tarakimu mbili tu fundi. Na nani siku hizi anatumia logi, watoto wana kikokotoo kwenye simu.

msomi_huru
Mbili tulizoziona kwenye ukurasa mmoja. Hayo madaftari yake je, yana namba?

BintiMwalimu
Yana. Mahesabu ya chama cha kuweka na kukopa alikuwa mweka hazina, na vipimo vya shamba.

Kobe Mpole
Mimi sasa nimeacha utani. Vipimo vya shamba dada?

Mja wa Haki
Nilisema kuhusu mali ya marehemu mkaniona mnafiki.

fundi_wa_seva
Sikiliza. Anza na madaftari, halafu vile ambavyo havipatikani popote, vile vya kiada vya kawaida viache mwisho. Usirudi kwenye ile mashine. Omba skana ya kulaza au hata simu yenye kamera nzuri na mwanga wa dirishani, dpi 300, yaani nukta 300 kwa inchi, kijivu au rangi, wakupe TIFF, fomati ya picha isiyopoteza kitu, na ndizo unazozihifadhi kama shina. PDF/A unaitengeneza kutoka hapo kwa ajili ya kusoma. Uzito usikutishe, ukurasa wa A5 wa kijivu kwa dpi 300 bila kubanwa ni kama MB 4.3, kwa hiyo hata ukiskani vyote 600 kwa ile hesabu ya Chura unapata kama GB 520, hadi diski ya TB 1 inameza. Nunua mbili, moja ikae kwa ndugu wa mbali. Flashi siyo ghala, ikikaa miaka bila kuchomekwa mahali inasahau.

nyota_ya_Pangani
Mimi niko Tanga mjini, nina stoo kavu, maboksi nayachukua bure yakae mpaka umalize. Nauli ya kirikuu juu yako.

Chura wa Bondeni
Huyo ndiye niliyewaambia atatokea.

nyota_ya_Pangani
Nimeomba hela ya kuskani mimi? Soma vizuri.

Chura wa Bondeni
Kesho utaomba.

BintiMwalimu
Mama wa karanga nimempigia asubiri, kanuna lakini kakubali, anataka alichotoa kirudi. Kaka bado hajui. Nyota nimekuja inbox. Fundi, hiyo TIFF nimepiga ukurasa mmoja wa daftari kwa majaribio na simu yangu inagoma kuifungua kabisa, inasema faili halitambuliki. Hivi si bora EPUB tu?