Treni za mezani: HO au N, na digitali ya kununua au ya kujiundia?

Mwana_Tudor
Wanajamvi, salaam. Nimeruhusiwa chumba cha nyuma, nafasi inatosha plaiwudi moja nzima, futi 8 kwa 4. Nataka treni mbili zipishane stesheni: moja isubiri, nyingine ipite. Nichukue kipimo cha HO au kile kidogo zaidi cha N? Na nikienda digitali, ninunue kidhibiti kilicho tayari kama Z21 ya Roco, au nijiundie kwa Arduino, ile bodi ndogo ya kompyuta?

Fundi_Spana
Kwa kupishana, analogi, ule mfumo wa zamani, sahau. Kule mwendo hutokana na volti zilizo kwenye reli, kwa hiyo injini zote zilizo juu ya kipande kimoja huenda pamoja na kusimama pamoja. Itakubidi ukate njia vipande vipande, kila kimoja na swichi yake, na chini ya meza nyaya zijae kama juya la mvuvi. Kwenye DCC, ndiyo hiyo digitali, reli ina umeme muda wote na maagizo hupita humohumo. Kila injini ina dikoda, kijibodi cha kupokea maagizo, inayosikia namba yake tu. Nyingi hutoka dukani zikiwa na namba 3, basi ibadilishe moja kabla hujaziweka pamoja.

Bi_Kizingo
Haya yote sawa, lakini mwamsahau adui wa hapa Mombasa: upepo wa bahari. Injini ya analogi ikipita penye uchafu hukwama kidogo ikaendelea. Dikoda ikikosa umeme inazimika, na ile yenye sauti huanza upya mlio wa kuwasha mtambo katikati ya safari, kichekesho kitupu. N ni nyepesi na magurudumu yake madogo, huteseka zaidi. Mimi nasema HO, na dikoda iwe na kapasita ya kuhifadhi umeme. Reli chukua za nikeli-silva, za chuma zitashika kutu. Futa kwa spiriti ya isopropili. Msasa usiuguse, mikwaruzo ndiyo inayoshika uchafu. Na meza isiwe ya MDF, itavimba kwa unyevu.

Mzee_Garratt
Bi Kizingo, heshima yako, ila kwa futi 4 mimi nang'ang'ania N. HO ni 1:87, yaani treni halisi imepunguzwa mara 87. Kona ya saizi ya pili ya kampuni ya Hornby, nusu kipenyo milimita 438, inaenea, lakini behewa refu likipinda hapo tumbo lake linaning'inia nje ya reli. N ni 1:160, utaweka mabehewa mengi na bado ubaki na nafasi ya milima.
Faida moja ya HO nakubali: upana wa njia yake ni milimita 16.5, zidisha kwa 87 upate kama 1435, ndio upana wa SGR ya Miritini kabisa. Ile reli ya zamani yenye upana wa mita moja iliyoanza hapa 1896 ikafika Kisumu 1901 inataka njia ya milimita 12, na vifaa vyake ni adimu.

Fundi_Spana
Kuhusu kidhibiti: kama unajua kushika bunduki ya kulehemu, DCC-EX. Ni Arduino Mega na bodi ya kuendeshea mota, programu yake ni bure. Unganisha na JMRI, programu ya kuendeshea treni, kwenye laptopu, endesha kwa simu. Ukinunua kilichotoka Marekani, angalia transfoma: kule ni volti 120, hapa 240. Na chagua injini yenye soketi ya dikoda, usianze kufungua mota.

Mwana_Tudor
Ahsanteni. HO na DCC-EX, mzee anisamehe. Nafikiria upande mmoja njia ijizungushe, treni irudi ilikotoka.

Bi_Kizingo
Hapo reli ya kulia inakutana na ya kushoto, umeme unapiga shoti. Tenga reli zote mbili mwanzo na mwisho wa mzunguko, kisha kipande hicho ukilishe kupitia kifaa cha kugeuza umeme chenyewe. Kiwe kirefu kuliko treni yako ndefu.